Amelojenini Nje ya Jino: Kazi za Protini za Enameli katika Tishu Nyingine za Mwili na Funzo Lake kwa Waundaji wa Istilahi za Kiswahili

IKISIRI

Protini zinazojenga enameli, yaani gamba gumu la nje la jino, kwa muda mrefu zilidhaniwa kufanya kazi hiyo moja tu. Utafiti wa miongo ya karibuni umezionyesha pia katika mfupa, gegedu, uboho, ubongo na tezi ya thaimasi, na umebainisha kwamba zina nasaba moja na baadhi ya protini za maziwa na za mate. Makala haya yanaeleza matokeo hayo kwa Kiswahili, kisha yanauliza swali linalotuhusu sisi wanafunzi wa lugha: kitu kinapopewa jina la mahali kilipoonekana kwanza, au la sura yake, jina hilo linatuficha nini? Hoja yetu ni kwamba uangavu wa istilahi, sifa tunayofundishwa kuithamini, unaweza kupotosha. Mfano wa "meno ya plastiki" unaonyesha kwamba upotoshaji huo huwafikia watoto wachanga kwa wembe.

1.0 Utangulizi

Msomaji wa jarida la wanafunzi wa Kiswahili ana haki ya kuuliza: protini za meno zinatuhusu nini? Sisi si madaktari, wala hatufanyi kazi katika maabara. Jibu letu ni la sehemu mbili.

Kwanza, hatuwezi kudai kwamba Kiswahili kinamudu kuwa lugha ya sayansi huku tukiikimbia sayansi yenyewe. Tangu Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Dar es Salaam ilipochapisha Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia mwaka 1990, istilahi nyingi zimeundwa. Hata hivyo, istilahi huishi katika matini. Neno lisilotumiwa katika maelezo kamili ni kama mbegu iliyosahauliwa ghalani.

Pili, sisi tunaosomea Rongo tunakaa katika eneo ambalo meno yamesema mengi. Katika Kaunti jirani ya Homa Bay, mahali paitwapo Nyayanga kwenye Rasi ya Homa, wataalamu walipata magego mawili ya kiumbe wa jenasi ya Parantropasi, jamaa wa kale wa binadamu, pamoja na zana za mawe na mifupa ya viboko yenye alama za kuchinjwa. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 2023, na umri wa mabaki hayo ulikadiriwa kuwa kati ya miaka milioni 2.6 na milioni 3 hivi. Mwili wote ulioza, magego yakabaki. Aidha, mwaka 2025 ilitangazwa kwamba vipande vya protini za enameli vimepatikana katika meno ya wanyama wa kale wa Bonde la Turkana, baadhi yao wakiwa na umri wa takribani miaka milioni 18. Kumbe ndani ya gamba hilo lililo gumu kuliko kitu kingine chochote mwilini mna mabaki ya kitu laini kilichotangulia. Hicho kitu laini ndicho mada yetu.

2.0 Enameli na Protini Zake

Wahenga walisema, usione vyaelea, vimeundwa. Enameli iliyokomaa ni madini kwa takribani asilimia 96 ya uzito wake. Kilichobaki ni maji na masalio machache ya protini. Haikuanza hivyo. Jino linapoundwa ndani ya taya, safu ya seli ziitwazo ameloblasti humwaga ute wenye wingi wa protini. Ute huo hupokea chembe za kalisi na fosfeti na kuzielekeza zikue kuwa fuwele ndefu, nyembamba, zilizopangika. Baadaye vimeng'enya hukatakata protini hizo, seli huziondoa, na fuwele hunenepa kujaza nafasi iliyoachwa. Kazi ikiisha, ameloblasti nazo hufa jino linapochomoza. Ndiyo maana enameli iliyovunjika haioti tena: mafundi wameshaondoka na vifaa vyao.

Protini kuu za kazi hii ni tatu. Amelojenini ndiyo nyingi zaidi, kwani huchukua takribani asilimia 90 ya protini zote za enameli changa. Nyingine ni ameloblastini na enamelini. Vimeng'enya vikuu ni viwili, MMP20 na KLK4. Cha kwanza hukata protini mapema, na cha pili husafisha mabaki mwishoni. Usafishaji huo ukikwamishwa, enameli hubaki na vinyweleo. Hali ya namna hiyo huchangia madoa ya kahawia katika meno ya watu waliokulia kwenye maeneo yenye floridi nyingi majini, kama sehemu za Nakuru nchini Kenya na Arusha nchini Tanzania.

Jeni ya amelojenini ina sifa nyingine ya pekee. Kwa binadamu ipo katika kromosomu ya X na pia katika kromosomu ya Y, na nakala hizo mbili zinatofautiana kidogo kwa urefu. Kwa sababu hiyo, maabara za uchunguzi wa vinasaba duniani huitumia kutambua iwapo damu au mfupa ni wa mwanamume au wa mwanamke. Kwa hiyo jina la jino limeingia hata katika mashauri ya mahakamani ambako hakuna jino lolote lililotajwa.

3.0 Protini za Enameli Nje ya Enameli

3.1 Mfupa na gegedu

Fununu za mwanzo zilitoka katika dentini, tishu iliyo chini ya enameli. Watafiti walikuwa wamegundua kwamba dondoo la dentini linaweza kuzichochea seli nyingine kuunda gegedu au mfupa. Mwaka 2000 Arthur Veis wa Chicago na wenzake walieleza kwamba miongoni mwa vichocheo hivyo zilikuwamo amelojenini fupi. Vipande hivyo vilipopandikizwa katika misuli ya panya, mahali pasipo na jino wala mfupa, tishu zilianza kuelekea kwenye ujenzi wa madini.

Hapa mwanafunzi wa mofolojia atajikuta nyumbani. Jeni moja ya amelojenini haitoi protini moja tu. Ujumbe wake hukatwa na kuungwa kwa namna mbalimbali kabla ya kusomwa, ikapatikana amelojenini ndefu na nyingine fupi sana yenye asidi amino zipatazo 59. Ni kama mzizi -pig- unaotupa piga, pigana, pigiwa na pigo: asili ni moja, lakini kila umbo lina kazi yake katika sentensi. Amelojenini ndefu hufanya zaidi kazi ya ujenzi wa enameli. Ile fupi, katika majaribio ya maabara, hufanya kazi ya ishara: huziambia seli changa zielekee kuwa seli za mfupa.

Katika miaka ya 2006 na 2007 kundi la watafiti wa Jerusalem lilieleza kwamba amelojenini huonekana katika seli za mifupa mirefu ya panya, katika gegedu la viungo na katika seli za uboho. Ameloblastini pia imeonekana katika mfupa unaokua, na majaribio kadhaa yanaihusisha na ukuaji wa seli zinazojenga mfupa.

3.2 Ubongo na damu

Watafiti hao hao waliripoti mwaka 2006 kwamba amelojenini ipo hata katika tishu laini: kwenye ubongo na katika seli za mfumo wa kuzalisha damu. Habari hii ilishangaza, maana ubongo haujengi madini.

Inatupasa kuwa waangalifu hapa. Kitu kuonekana mahali si sawa na kitu kuwa na kazi mahali hapo. Mwaka 2001 Carolyn Gibson na wenzake nchini Marekani walieleza habari za panya waliozalishwa bila amelojenini. Panya hao waliishi na kuzaa, na kasoro iliyodhihirika zaidi ilikuwa enameli nyembamba, nyeupe kama chaki. Vivyo hivyo, watu waliorithi hitilafu katika jeni hiyo huathirika hasa meno. Hivyo basi, kwa upande wa ubongo na damu, uwepo umethibitishwa, lakini kazi bado inajadiliwa. Mwanaleksikografia mwema anaijua tahadhari hii: kulikuta neno katika hati moja ya zamani hakumpi haki ya kudai kwamba anajua lilivyotumika.

3.3 Mzizi wa jino, ufizi na vidonda

Ushahidi wenye nguvu zaidi unatoka karibu na jino, lakini nje ya enameli. Panya wale wasio na amelojenini walipochunguzwa zaidi, ilibainika mwaka 2003 kwamba tabaka linalofunika mizizi ya meno yao lilikuwa likiliwa na seli zinazobomoa mfupa. Maana yake ni kwamba amelojenini huchangia kuzizuia seli hizo zisivuke mpaka.

Maarifa ya namna hii yalikuwa yameshapata matumizi ya tiba. Mwaka 1997 Lars Hammarström wa Sweden alichapisha utafiti kuhusu protini za enameli na ujenzi upya wa tishu zinazolishika jino. Kutokana na kazi hiyo ilipatikana dawa iitwayo Emdogain, ambayo daktari huipaka kwenye mzizi wakati wa upasuaji wa ufizi ili kuchochea uotaji wa mfupa, kano za jino na tabaka la mzizi. Baadaye dondoo la aina hiyo lilijaribiwa katika vidonda sugu vya miguu vinavyotokana na ubovu wa mishipa ya damu, na majaribio yakaonyesha kupungua kwa ukubwa wa vidonda. Mguu hauna jino, lakini ngozi yake iliuitikia ujumbe uliotoka katika jino.

Dondoo hilo hutolewa katika meno machanga ya nguruwe. Kwa mgonjwa Mwislamu wa Mombasa, Unguja au hata mjini Migori, habari hii ni nzito. Anayo haki ya kuelezwa kabla hajaridhia, na kuelezwa kwa lugha anayoielewa, ili aulize anaotaka kuwauliza na aamue mwenyewe. Tafsiri ikisema tu "dawa ya protini", haitakuwa imesema uongo, lakini itakuwa imemnyima mtu ukweli anaouhitaji.

3.4 Tezi dume, figo na kwingineko

Kimeng'enya cha KLK4, kile kinachosafisha enameli mwishoni, kilielezwa mwaka 1999 na watafiti waliokuwa wakichunguza tezi dume, wakakipa jina linalotokana na tezi hiyo. Waliotoka upande wa meno nao walikuwa na jina lao. Kitu kilikuwa kimoja, majina yakawa mawili, na kila kundi likadhani kitu hicho ni cha nyumbani kwake.

Kuhusu figo, kuna ugonjwa adimu wa kurithi unaotokana na hitilafu katika jeni ya FAM20A. Mwenye ugonjwa huo huwa na enameli hafifu au hana kabisa, na wakati huo huo kalisi hujikusanya katika figo zake. Protini ya FAM20A si tofali la enameli, bali ni msaidizi wa utayarishaji wa protini zinazoshughulika na kalisi. Fundisho lake kwa daktari ni kubwa: mtoto mwenye meno ya namna hiyo apimwe figo pia. Neno "ugonjwa wa meno" lingeweza kumfanya aishie kinywani.

4.0 Ukoo Mmoja: Meno, Mate na Maziwa

Kwa nini protini za jino zionekane huku na huko? Jibu moja lipo katika nasaba. Mwaka 2003 Kazuhiko Kawasaki na Kenneth Weiss walionyesha kwamba jeni za protini za enameli ni za ukoo mmoja na jeni za kaseini, protini kuu za maziwa, pamoja na baadhi ya protini za mate. Kwa binadamu, jeni za ameloblastini na enamelini zimekaa katika kromosomu ya 4, ujirani mmoja na jeni za kaseini na za mate. Jeni hizo zilitokana na mhenga mmoja aliyejinakili mara nyingi katika historia ndefu ya wanyama wenye uti wa mgongo.

Kinachowaunganisha wanaukoo hawa ni kalisi. Katika jino protini huielekeza kalisi igande kwa mpangilio. Katika maziwa kaseini huibeba ikiwa nyingi bila kuiacha igande, ili mtoto ainywe. Katika mate protini huizuia isijigandishe ovyo juu ya meno. Ni kazi moja kwa lahaja tatu. Kiswahili chetu huyaita meno ya kwanza ya mtoto "meno ya maziwa". Waliounda jina hilo walitazama umri wa mtoto anayenyonya, hawakujua habari za jeni. Hata hivyo, kwa bahati njema, waliweka bega kwa bega ndugu wawili wa damu.

Undugu huo una madhara yake pia. Methali husema, meno ya mbwa hayaumani. Mwaka 2023 kundi la watafiti wakiongozwa na Jakub Abramson wa Israeli lilionyesha hali ambayo meno huumana. Ndani ya tezi ya thaimasi, seli changa za kinga hufundishwa kuzitambua protini za mwili wenyewe ili zisije zikazishambulia. Miongoni mwa protini zinazoonyeshwa katika darasa hilo zimo zile za ameloblasti. Hiyo ni kazi nyingine ya protini za enameli nje ya jino, nayo ni kazi ya kufundishia. Katika ugonjwa adimu wa kurithi ambao jeni ya AIRE ina hitilafu, somo hilo halitolewi. Kinga hutengeneza silaha dhidi ya protini za enameli, na meno ya kudumu yanayoundwa wakati huo huharibika.

Watafiti hao walikuta silaha za namna hiyo pia kwa wagonjwa wengi wa siliaki, yaani watu ambao utumbo wao hudhurika kwa gluteni iliyomo katika ngano. Maelezo waliyoyatoa ni kwamba kwa wagonjwa hao kinga huanza kwa kuikabili kaseini ya maziwa ndani ya utumbo, kisha kwa kuwa sura zinafanana, humshambulia ndugu yake aliye jinoni. Kwa hiyo kasoro ya enameli ya mtoto inaweza kuwa barua iliyoandikwa na utumbo.

5.0 Funzo kwa Waundaji wa Istilahi

Sasa turejee katika uwanja wetu. Wanafunzi wa istilahi hufundishwa vigezo vinavyojulikana kwa ufupisho wa PEGITOSCA, ambavyo kati yake ni usahihi, iktisadi, umataifa na uangavu. Istilahi angavu ni ile ambayo umbo lake linadokeza maana yake. Kwa kigezo hicho, mtu angeweza kupendekeza amelojenini iitwe "kijengaenameli". Neno hilo ni zuri masikioni, ni la Kibantu, na mwanafunzi wa shule angelielewa mara moja.

Tatizo ni kwamba angelielewa visivyo. Angejuaje kwamba kijengaenameli kipo ubohoni? Angemwelezaje mgonjwa kwamba kijengaenameli kinapakwa kwenye kidonda cha mguu? Hata lugha za Ulaya hazikuepuka mtego huu, kwa sababu jina "amelojenini" lenyewe, kwa asili yake, lina maana ya kizalisha enameli. Jina lilitangulia, na waliolisikia wakamtafuta mwenyewe mahali pamoja tu. Kwa kulitohoa, Kiswahili kinapata faida ambayo lugha zilizoliunda hazina: kwetu neno hilo halina ahadi ndani yake. Ni chombo kitupu kinachoweza kujazwa fasili sahihi.

Linganisha fasili mbili zifuatazo, zote za kwetu wenyewe:

(a) Amelojenini: protini inayojenga enameli ya jino.

(b) Amelojenini: protini ya ukoo wa protini zinazoshughulika na kalisi, iliyo nyingi zaidi katika enameli inayoundwa, huonekana pia katika mfupa, gegedu na tishu kadhaa laini, ambako baadhi ya maumbo yake mafupi yameonyesha katika majaribio uwezo wa kuzielekeza seli.

Fasili (a) ni fupi na inakumbukwa kwa urahisi. Fasili (b) ni ndefu, lakini inataja ukoo kwanza, kisha makao makuu, kisha makao mengine, na inapima uzito wa ushahidi. Fasili ya aina hii haivunjiki utafiti mpya unapotokea, hupanuka. Tunapendekeza kwamba fasili za istilahi za biolojia katika Kiswahili zifuate mpangilio huo: ukoo, makao, kazi, na kiwango cha uthibitisho.

Isieleweke kwamba tunaupinga uangavu. "Chanjo", "gegedu" na "tezi" ni maneno yetu yanayofanya kazi yake vyema. Tunachosema ni kwamba uangavu unapogongana na usahihi, usahihi uwe na kauli ya mwisho. Lugha yetu ina mfano wa zamani: tunasema "pembe za ndovu", ilhali kibiolojia zile si pembe bali ni meno yaliyorefuka. Jina lilifuata sura. Kosa hilo halimdhuru msemaji yeyote. Lipo kosa jingine la jamii hiyo linalodhuru.

6.0 "Meno ya Plastiki": Jina Linapoumiza

Katika sehemu mbalimbali za Afrika Mashariki, mtoto mchanga anapoharisha, kutapika au kupata homa, hutokea jamaa akafungua kinywa chake na kuonyesha uvimbe mweupe kwenye ufizi, mahali pa chonge. Nchini Tanzania uvimbe huo huitwa "meno ya plastiki" au "meno ya nailoni". Nchini Uganda una majina mengine. Nchini Kenya, kazi iliyochapishwa mwaka 1995 ilieleza desturi ya kuutoa miongoni mwa Wamaasai wa vijijini. Uvimbe hukatwa kwa kisu, wembe au waya, na kinachotolewa huonyeshwa: kitu kidogo, cheupe, laini, kinachoteleza kama plastiki. Wazazi huamini kwamba ugonjwa umetoka.

Msomaji aliyefuatana nasi tangu sehemu ya 2.0 anajua kile ni nini. Ni chipukizi la jino la maziwa. Ni laini kwa sababu halijakomaa. Ungali ni wakati wa protini, madini hayajashika. Ulaini ule ambao jina linauchukulia kuwa dalili ya jino bandia au jino la ugonjwa ndio alama ya jino la kweli lililo kazini. Waliolipa jina walitazama sura, wakasema walichokiona. Jina ni angavu kabisa, na ni la uongo kabisa.

Gharama yake ni kubwa. Mtoto huvuja damu, jeraha huweza kuingiwa na vijidudu, na chombo kilichotumiwa kwa mtoto mwingine huweza kuhamisha maradhi ya damu. Chipukizi la jino la kudumu lililo jirani huweza kujeruhiwa, likachomoza na enameli yenye kasoro au lisichomoze kabisa. Zaidi ya hayo, kuharisha kunaendelea. Saa ambazo mtoto angepewa maji yenye chumvi na sukari ya kurejesha maji mwilini na kupelekwa zahanati hupotea kwa mkata ufizi.

Inafaa tutofautishe jambo hili na desturi ya Wajaluo wa eneo letu ya kung'oa meno ya mbele ya taya la chini, iitwayo nak, ambayo ilififia katika karne ya 20. Hiyo ilifanywa kwa meno ya kudumu yaliyokwisha kuchomoza na ilikuwa na maana yake ya kijamii. Hii ya plastiki hufanywa kwa mtoto wa miezi michache, nayo hudai kuwa tiba.

Je, mwanafunzi wa Kiswahili anaweza kufanya nini? Kampeni nyingi za afya husema "meno ya plastiki hayapo". Tunaona kauli hiyo haimfikii mama, kwa sababu ameyaona kwa macho yake. Uvimbe upo; kisichokuwapo ni plastiki. Kauli bora ingekuwa: "Huo weupe ni jino la mwanao linaloumbwa, bado ni laini, liache likomae." Kauli hii haimkanushi mama, bali inampa jina jipya la kile alichokiona. "Chipukizi la jino" ni istilahi angavu na sahihi kwa pamoja, na mkulima yeyote wa Rongo anajua kwamba chipukizi halikatwi kwa sababu ni laini.

7.0 Hitimisho

Makala haya yameonyesha kwamba protini za enameli zina maisha mapana kuliko jina lake. Ushahidi wa kazi zake ni wenye nguvu katika mzizi wa jino na tishu za ufizi, unatia moyo katika mfupa na gegedu, na ungali mchanga katika ubongo na damu. Katika thaimasi zinatumika kuifundisha kinga, na katika maziwa na mate wamo ndugu zake.

Kutokana na hayo tumetoa mapendekezo mawili. Fasili za istilahi za biolojia zitaje ukoo, makao, kazi na kiwango cha uthibitisho. Na wanafunzi wa Kiswahili wakusanye majina ya magonjwa na ya viungo yanayotumiwa vijijini, wakishirikiana na wahudumu wa afya, ili kubaini ni yapi yanayofaa kulindwa na ni yapi yanayohitaji kupewa mbadala. Kazi hiyo haihitaji maabara. Inahitaji daftari, sikio, na nauli ya kutoka Rongo hadi kijiji cha jirani, ambako huenda leo mtoto ana homa na mtu ameanza kuutazama ufizi wake.

Maswali ya mjadala

1. Taja istilahi tatu za Kiswahili ambazo uangavu wake unagongana na usahihi. Je, ipi kati yake ina madhara kwa mtumiaji?

2. Andika fasili ya "kaseini" kwa kufuata mpangilio wa ukoo, makao, kazi na kiwango cha uthibitisho.

3. Katika lugha yako ya kwanza, uvimbe wa ufizi wa mtoto mchanga unaitwaje? Jina hilo linamwelekeza mzazi afanye nini?